Bastola ya Kwanza ya Delphia Roark

Delphia Roark alikutwa ameangukia meza ya jikoni kwake, shavu limelalia mbao, tundu la risasi chini ya titi la kushoto. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Kahawa kwenye kikombe chake ilikuwa haijapoa sawasawa.

Inspekta Ramona Tackett wa polisi wa wilaya alisimama mlangoni dakika nzima bila kugusa kitu. Ndivyo alivyozoea. Aliangalia kwanza, akauliza baadaye, na kwa tabia hiyo wenzake walimwita Bi Taratibu akiwapa kisogo.

Mezani palitandikwa taulo la manjano. Juu ya taulo palikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya bunduki, brashi ya shaba, vipande vya kitambaa, na magazini ya bastola iliyojaa risasi. Bastola yenyewe ilikuwa sakafuni, karibu na mguu wa kiti. Ganda moja la risasi lilikuwa limebiringika mpaka chini ya jiko.

Picha hiyo haikuhitaji mganga wa kuisoma. Mtu anataka kusafisha bastola, anatoa magazini, anasahau risasi moja iliyobaki kwenye chemba, anavuta kifyatulio. Katika milima ile ya Kentucky ajali ya namna hiyo ilikuwa ya kawaida kama mafua.

Kaka wa marehemu, Everett, alikuwa amekaa barazani, mikono katikati ya magoti. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, fundi wa matrekta, mpole, mtu wa kusalimia watu kwa kugusa kofia. Kiunoni mwake ilining'inia bastola nyeusi ya kisasa, ya plastiki, kama ilivyoning'inia kwa miaka yote ambayo Tackett alimfahamu.

"Pole sana, Kaka Everett."

"Asante."

"Ulikuwa wapi?"

"Bandani. Nilikuwa na trekta la Hobart, lile linalovuja."

"Ukasikia nini?"

"Mlio mmoja. Nilidhani kaangusha sufuria. Halafu nikasema hapana, sufuria hailii vile."

"Ukaingia."

"Nikaingia. Nikamwita. Basi." Alipangusa pua kwa mkono wa shati. "Unazijua bastola hizi, Ramona. Huwezi kuifungua uisafishe mpaka kwanza uvute kifyatulio. Katoa magazini, kasahau iliyomo ndani. Wangapi wamekwenda hivyo?"

Wengi. Tackett mwenyewe alikuwa ameshaandika ripoti za wawili.

"Alikuwa nayo tangu lini?"

"Sijui hata kama alikuwa nayo! Nimeiona leo, hapo chini. Delphia alikuwa anaogopa hata kisu cha kuchinjia kuku."

"Mlikuwa mnaishi wawili tu?"

"Tangu Mama afariki. Miaka ishirini na miwili."

Aliitamka hiyo ishirini na miwili kama mfungwa anavyotaja kifungo chake. Tackett aliisikia. Aliinua macho. Barabara iliishia pale pale mbele ya nyumba, na baada yake ulikuwa mlima. Nyuma ya nyumba ulikuwa mlima mwingine. Jua liliingia bondeni saa nne likatoka saa tisa, na waliozaliwa humo walisema hawaoni tofauti. Uongo mtupu. Waliiona kila siku.

Jikoni, Koplo Stamper alikuwa amemaliza kupiga picha. Aliinua magazini kwa vidole viwili vyenye glovu, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Ngoja," Tackett alisema. "Usiguse taulo."

Mahali ilipokuwa magazini, taulo lilikuwa na vitone vitatu vya damu, vidogo kama mbegu za nyanya. Vilikuwa chini yake. Juu ya magazini hapakuwa na hata kimoja.

"Lyle! Njoo uone."

Lyle Pruett alikuwa mkaguzi wa vifo wa wilaya. Alikuwa pia mwenye nyumba ya mazishi, kwa hiyo aliyemwandikia marehemu cheti ndiye aliyemuuzia jeneza, na hakuna aliyeona ajabu. Aliinama, akapandisha miwani.

"Damu imeruka kwanza, magazini imekuja baadaye," Tackett alisema.

"Kaisukuma kwa mkono alipoanguka."

"Mkono gani? Wa kulia umekandamizwa na tumbo lake. Wa kushoto unaning'inia."

"Ramona, risasi imepigwa kwa karibu na imepita moyoni. Hakupata hata nafasi ya kusema lo. Magazini yako ilisogea vipi, mimi sijui, labda meza ilitikisika." Pruett alijinyoosha, kiuno kikalia. "Alhamisi saa sita mchana natia sahihi. Ajali. Everett ameshaniomba tumchome."

"Tumchome? Akina Roark wote wamelala kilimani hapo juu. Mama yao, baba yao, mpaka yule mtoto aliyekufa na surua."

"Anasema hatakuwepo wa kulifyekea kaburi majani."

"Kwani anakwenda wapi?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi nizuie kitu, nipe sababu. Vitone vitatu si sababu, ni dukuduku lako tu."

Basi Tackett alikuwa na siku mbili. Baada ya hapo Delphia angekuwa majivu kwenye kopo, na karatasi yenye neno AJALI ingekaa kabatini hadi mwisho wa dunia.

Mchana alipata orodha ya simu za Everett. Namba moja, ya mji wa Dayton, ilijitokeza mara kumi na nne kwa wiki. Alipiga. Aliyepokea aliitwa Glenna Weddle, mshonaji wa mapazia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Kanipigia asubuhi akaniambia. Masikini mwanamke yule. Namwombea, ingawa Mungu anajua alivyonitesa."

"Alikutesa vipi, Bi Glenna?"

"Miaka sita nangoja, mama. Sita! Everett kafungasha mizigo mara tatu. Mara ya kwanza kafika mpaka daraja la mto, kapigiwa simu kwamba dada yake kazimia, karudi. Mara ya pili nilikuwa nimeshaivisha maharage na mkate wa mahindi uko mezani. Karudi. Mara ya tatu yule mwanamke alimeza vidonge."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Wa hofu. Hawezi kulala peke yake kwenye nyumba ile. Na mama yao aliwaapisha, yule mzee. Usimwache dada yako. Sasa mtu utapigana na maiti?" Alivuta pumzi. "Nilimpa Everett mpaka mwisho wa mwezi huu. Nina miaka hamsini na saba. Nilimwambia, uje au usije, lakini mimi simu sipokei tena."

Tackett alishukuru, akakata. Mwisho wa mwezi ulibakiza siku kumi na moja.

Alikaa na kalamu mkononi bila kuandika. Kwake nyumbani kulikuwa na mama ambaye kila asubuhi alimuuliza wewe ni nani na umekuja kuiba nini. Dada yake wa Florida alipiga simu Jumapili kutoa ushauri. Mtu aliyefungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe hakuwa kitendawili kwa Ramona Tackett, alimwona kwenye kioo akipiga mswaki. Kwa hiyo nia ya Everett alikuwa ameielewa upesi mno.

Lakini nia haimfungi mtu. Watu nusu wilaya walikuwa na nia.

Jumatano asubuhi Stamper alileta kilichokuwa kwenye mkoba wa Delphia: leso, picha ya mama, dawa za shinikizo la damu, na risiti ya duka la Otho Messer, liuzalo bunduki upande mmoja na chambo cha samaki upande wa pili. Bastola moja iliyotumika, boksi moja la risasi, seti ya kusafishia. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Otho alikuwa na miaka sabini na minne. Tackett alimkuta anakula andazi la soseji nyuma ya kaunta ya kioo.

"Karibu, binti yangu. Nimesikia. Tangu jana chakula hakipiti." Akauma tena andazi.

"Wewe ndiye uliyemuuzia, Mzee Otho?"

"Mimi. Na kama kuna mtu niliyemhangaikia dukani humu, ni yule mama. Alikuja mara nne! Mara ya kwanza alisimama hapo kwenye minyoo nusu saa, anajifanya anataka minyoo. Nikamwambia Delphia, wewe samaki hujawahi kuvua, sema unachotaka. Akanong'ona kama anaungama: nataka bastola, nina dola mia tatu, na humo humo nipate na risasi."

"Dola mia tatu zinatosha?"

"Zinatosha kununua taabu. Mpya za bei hiyo zipo, nyepesi, ndogo, zinaingia mfukoni. Wauzaji wengine wanapenda kuwapa kina mama hizo. Ujinga! Bastola ikiwa ndogo na nyepesi, teke lake lote linaishia kiganjani. Mtu anapiga mara mbili, anaifungia kabatini, haishiki tena. Nilimpa moja ajaribu huko uani, akafyatua mara moja akanirudishia kama vile nimempa nyoka."

"Halafu?"

"Halafu vidole. Si unajua alishona mashati kiwandani miaka thelathini? Vidole vimepinda. Zile za plastiki za siku hizi, kama ya Everett, chuma cha juu kigumu. Anakivuta kurudi nyuma, hakiji. Akatoka machozi. Akasema, Otho, hata hili nimeshindwa. Nikamwambia kaa chini unywe soda, duka halijafungwa." Mzee alifuta vidole kwa karatasi. "Nilikuwa na kreti ya bastola kuukuu zilizouzwa na polisi wa mji mmoja walipobadilisha silaha. Chuma tupu, nzito. Nje zimechubuka kwa kuingia na kutoka kwenye mkoba miaka nenda rudi, ndani mpya kabisa, maana polisi wenyewe hawafyatui. Dola mia mbili na arobaini. Na zina nyundo nyuma. Ukiirudisha nyundo kwanza kwa kidole gumba, chuma cha juu kinakuja bila ubishi. Nikamwonyesha. Akavuta. Kikaja! Alicheka, Ramona. Sikuwahi kumwona yule mwanamke anacheka."

Tackett alitoa daftari.

"Mzee Otho, alijua kuisafisha?"

"Nilimfundisha mimi, hapa hapa, mara tano."

"Na kuifungua, anaanza kwa kuvuta kifyatulio?"

"Nani kakwambia? Hiyo ni kama ya kaka yake, zile za kisasa. Hii unarudisha chuma nyuma, unasukuma pini ya pembeni, imefunguka. Kifyatulio hukigusi." Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana nikashangaa niliposikia eti katoa magazini halafu ikalia. Nikajua watu wanapiga chuku. Bila magazini haiwezi kulia."

"Rudia hapo."

"Haiwezi kulia. Polisi waliziagiza hivyo. Mhalifu akikung'ang'ania bastola, unabonyeza kitufe, magazini inadondoka, bastola imekufa mkononi mwake. Hata kama risasi iko kwenye chemba."

"Nionyeshe."

Otho alichukua nyingine ya kreti ile ile kutoka chini ya kioo. Akaikagua, akampa na yeye aikague, tupu. Akachukua penseli, akaitumbukiza kwenye mtutu, kifutio kikiwa ndani. Akaweka magazini tupu, akaielekeza juu, akavuta kifyatulio. Penseli iliruka ikagonga dari.

Akaiokota. Akatoa magazini, akatumbukiza penseli tena, akavuta. Kifyatulio kilikwenda na kurudi bure. Penseli haikutikisika. Akavuta mara nne, mara tano.

"Kuna watu huniomba niking'oe hicho kizuizi kinachoifunga," alisema. "Nilimuuliza Delphia. Akasema kiache. Alitaka kuweka bastola droo moja na magazini droo nyingine, ili zikikaa mbalimbali zisimdhuru mtu. Ndiyo sababu hasa aliyochagulia hii."

Tackett alitoka nje kwenye gari, akampigia Stamper. "Chukua ile bastola ya ushahidi. Hakikisha ni tupu. Tafuta penseli." Alimweleza. Alisikia sauti za kabati, kisha kimya, kisha Stamper akarudi kwenye simu.

"Hairuki, Inspekta. Nikiweka magazini inaruka. Nikitoa, hairuki."

"Andika hivyo hivyo. Tia saa na sahihi."

Basi Delphia alipigwa risasi magazini ikiwa ndani. Akafa palepale. Na maiti haitoi magazini ikaiweka juu ya taulo.

Angeweza kuondoka hapo. Baadaye alitamani angeondoka. Lakini alikuwa Bi Taratibu, na swali moja lilikuwa bado, kwa hiyo akarudi ndani.

"Mzee Otho, alikuwa anamwogopa nani? Everett?"

"Everett!" Mzee alimwangalia kama aliyetukanwa. "Alikuwa anaiogopa nyumba, binti yangu. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, baba yao akiwa mgodini, kuna mtu aliingia kwa dirisha. Watu wa rika langu tunalijua hilo, hatulisemi. Tangu hapo hawezi kubaki mwenyewe jua likizama." Akashusha sauti ingawa duka lilikuwa tupu. "Aliniambia, Otho, kaka yangu ana mwanamke Dayton, na mimi nimemfunga kama mbwa wa uani. Nimemharibia maisha. Nikijifunza kushika kitu hiki, nikaweza kulala nacho peke yangu, nitamfungua. Alikuwa amejiandikisha darasa langu la bastola, la Jumamosi hii. Akishapata cheti, jioni anampikia chakula kizuri, anamwambia nenda. Akaniapisha nisimwambie mtu. Alitaka auone uso wa kaka yake atakapomwambia."

Tackett aliacha kuandika.

"Jumamosi hii?"

"Hii inayokuja." Otho alimsogezea kiti. "Kaa, mama. Umebadilika rangi."

Alhamisi saa tatu asubuhi Everett alifika kituoni mwenyewe. Alivaa koti safi. Alikuwa ameambiwa kuna karatasi ya kutia sahihi kabla mwili haujatolewa. Tackett alimkalisha kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, akawasha kinasa sauti, akamsomea haki zake.

"Unataka wakili?"

"Wa nini? Nataka kumaliza tu, Ramona."

"Sawa. Ulipoingia jikoni, magazini ilikuwa wapi?"

"Juu ya taulo."

"Hukuigusa?"

"Sikuigusa."

"Kabla ya mlio wala baada?"

"Sikugusa kitu. Nilimgusa Delphia shingoni, basi."

"Una hakika magazini ilikuwa nje bastola ilipolia?"

"Ingekuwaje mezani kama haikuwa nje?" Alitabasamu kidogo, kwa huruma, kama anayemfundisha mtoto. "Nimeshika bastola tangu nina miaka minane. Alitoa magazini, akavuta kifyatulio aifungue. Ndivyo zinavyofunguliwa."

"Zote?"

"Zote nilizonazo mimi."

"Hii uliwahi kuifungua?"

"Ile takataka? Hapana. Hata sikuitazama vizuri."

Tackett aliweka mezani bastola aliyoazimwa na Otho, tupu, na magazini tupu pembeni, na penseli. Everett alizitazama, akamtazama yeye.

"Ni pacha wa ile. Tumbukiza penseli kwenye mtutu. Fanya kama Delphia alivyofanya."

Aliishika kwa uzoefu. Aliikagua chemba bila kuambiwa. Akatumbukiza penseli, akaielekeza ukutani, akavuta.

Hakuna kitu.

Akavuta tena. Alikunja uso, akaigeuza bastola, akaichungulia ubavuni kama fundi anayesikia injini inakoroma vibaya. Kisha, bila kuambiwa, aliingiza magazini, akavuta. Penseli ilipiga ukuta ikaanguka chini.

Hakuiokota. Aliilaza bastola mezani polepole sana.

"Haipigi bila magazini," alisema.

"Haipigi."

"Hakuniambia."

"Hukumuuliza."

Everett alivua kofia, akaiweka gotini. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mstari wa nywele.

"Na ile ya kwake mmeijaribu?"

"Tumeijaribu. Jana."

"Basi nimekwisha."

"Kuna damu chini ya magazini pia. Niambie tu, Kaka Everett. Toka mwanzo."

Aliangalia mlango, kisha kuta, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta ilikofichwa njia ya kutokea. Kisha akazungumza upesi, kama mtu anayetapika.

"Niliiona Jumapili. Nilikuwa natafuta betri za tochi. Nikafungua droo yake, bastola hii hapa, imefungwa kwenye leso. Ramona, nilikaa kitandani kwake. Nilijua ni ya nini."

"Ya nini?"

"Ya kwangu! Ya kunifunga! Vidonge havikutosha. Safari hii nikibeba sanduku, angeisimika hapa," akajigusa kidevuni, "aniambie, haya nenda, toka mlangoni nijiue. Miaka ishirini na miwili naishi hivyo. Nikichelewa dukani, kazimia. Nikicheka kwenye simu, kichwa kinamuuma. Nimezika ujana wangu kwenye nyumba ile. Nikamwangalia Glenna anazeeka kwenye picha. Nilifungua droo ile nikaona maisha yangu yote yaliyobaki yamo humo."

"Kwa nini hukumuuliza ya nini?"

"Kumuuliza? Sisi hatuulizani. Tunaulizana kama kahawa ipo." Aliikunja kofia. "Siku mbili sikulala. Jumanne asubuhi alikaa na kahawa yake. Magazini nilishaiona droo ya pili. Nilichukua vyote nikaingia. Alikuwa anaangalia dirishani. Aligeuka akaniona nayo mkononi, na unajua alifanya nini? Akaona haya. Akawa mwekundu kama msichana. Akasema, Everett, umeiona, nilitaka..."

"Nilitaka nini?"

"Sijui. Nilifyatua." Aliigeuza kofia gotini. "Halafu nikatoa magazini, nikaondoa na risasi iliyokuwa imeingia chemba, nikatandika taulo..."

"Taulo lilikuwepo. Damu iko juu yake."

"Lilikuwepo. Alikuwa amemenyea viazi hapo. Nikaweka mafuta, brashi. Magazini nikaipangusa. Ilikuwa dakika mbili. Nikaenda bandani nikarudi mbio." Aliufunika uso. "Kusema kweli nilihisi mwepesi. Mungu anisamehe. Nilipokuwa nakimbia kutoka bandani nilihisi mwepesi."

Tackett alitoka nje dakika moja, akampigia Pruett.

"Usitie sahihi, Lyle."

"Una sababu?"

"Ninayo. Ameitamka mwenyewe."

Aliporudi Everett alikuwa amenyooka kidogo. Mtu akishaungama hupumua. Alitaka sasa aeleweke, na alimtazama Tackett machoni.

"Asingeniachia, Ramona. Kwa hiari yake asingeniachia kamwe. Wewe unalijua hilo. Una mama yako nyumbani. Wewe unajua."

Alijua. Kwenye faili, nusu mita kutoka mkono wake, yalikuwamo maelezo ya Otho Messer, kurasa mbili zenye sahihi. Angeweza kumwacha na huo ukweli wake mdogo alioushikilia, akaenda nao gerezani. Lakini wiki ijayo wakili angemsomea kurasa zile kwa sauti ya kusoma bei za soko. Na Delphia alikuwa ameanza sentensi ambayo hakuna aliyemruhusu kuimaliza.

"Kaka Everett," alisema. "Alikuwa anakwambia kwamba alitaka kukuachia."

"Nini?"

"Aliinunua ili aweze kulala peke yake. Alimwambia Otho kwamba amekufunga na anataka kukufungua. Alijiandikisha darasa. Akishapata cheti angekupikia chakula, akwambie uende kwa Glenna."

"Mwongo wewe."

"Nimeandika alivyosema."

"Polisi mnasema lolote mtu akishanasa. Mwongo!" Alisimama, kiti kikaanguka. Stamper alifungua mlango, Tackett akamwinulia mkono asiingie. Everett alisimama katikati ya chumba kile kidogo, kofia mkononi.

"Ile haya," alisema. "Aliona haya."

"Ilikuwa siri yake. Alitaka kuuona uso wako."

"Darasa la lini?"

"Everett, kaa."

"La lini, nakuuliza!"

"Jumamosi hii. Keshokutwa."

Alianza kuhesabu kwa vidole, kuanzia Jumanne, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, akikunja kidole kimoja kimoja dhidi ya kofia yake. Alipomaliza alibaki ameviangalia.

"Siku nne," alisema. "Ningengoja siku nne tu."

Kisha akapiga yowe ambalo liliwasimamisha watu wote kituoni, na Tackett, ambaye hakuruhusiwa kumgusa mtuhumiwa kinasa sauti kikiwa kinazunguka, alizunguka meza akamkumbatia.